Kingamwili za Kuchunguzia Protini Zinazozima Sumu Ndani ya Damu ya Nyoka

Damu ya nyoka mwenye sumu ina protini zinazoikamata sumu yake mwenyewe na kuizima kabla haijamdhuru. Hilo halibishaniwi tena. Linalowatatiza wengi ni hatua inayofuata: ili kuzichunguza protini hizo, watafiti hulazimika kutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshika molekuli maalumu, na kingamwili zikitajwa mahali penye habari za nyoka, msomaji hudhani mara moja kwamba kinachozungumzwa ni dawa ya mtu aliyeumwa. Sivyo. Kuna vitu vitatu ambavyo vyote kazi yao ni kushika molekuli nyingine, na karibu mkanganyiko wote wa somo hili hutokana na kuvichanganya. Cha kwanza ni protini ya asili iliyomo katika damu ya nyoka, ambayo hapa nitaiita kizuizi. Hiyo hushika sumu. Cha pili ni kingamwili za seramu ya tiba, zinazopatikana kwa kumdunga farasi au kondoo sumu kidogokidogo na kisha kuvuna kinga iliyojengeka katika damu yake. Hizo nazo hushika sumu. Cha tatu, ambacho ndicho mada ya makala haya, ni kingamwili za maabara zinazokishika kile kizuizi chenyewe. Hizi za tatu hazikutengenezwa ziiguse sumu. Tuseme mgonjwa amepewa kizuizi kama tiba, kisha akadungwa na kingamwili hizi: zingeweza kukifunga kizuizi kisifanye kazi na kuiachia sumu njia. Ni zana za uchunguzi, na thamani yao yote imo katika uchunguzi.

Chimbuko la swali ni la zamani. Mwaka 1767 mwanasayansi wa Italia, Felice Fontana, alichapisha matokeo ya majaribio yake mengi juu ya vipiri, na mojawapo ya mambo aliyoyaona ni kwamba sumu ya kipiri haimuui kipiri mwenyewe. Zaidi ya karne moja ilipita kabla ya kuonyeshwa kwamba sehemu ya ulinzi huo imo katika damu. Nasema sehemu, kwa sababu siyo ulinzi wote ulioko huko. Swila, kwa mfano, ana sumu ya neva inayofunga kipokezi kilichoko mahali neva inapokutana na msuli; naye hujilinda kwa kuwa na kipokezi kilichobadilika, chenye mnyororo wa sukari unaoizuia sumu isikae mahali pake. Ulinzi wa namna hiyo hauwezi kupatikana kwa kuchota damu, na mtafiti anayetafuta kizuizi cha kila sumu ndani ya plazima, yaani majimaji ya damu, atakuwa anatafuta baadhi ya vitu ambavyo havipo.

Vizuizi vilivyomo katika damu navyo si kingamwili za nyoka. Nyoka ana kingamwili zake kama walivyo wanyama wengine wenye uti wa mgongo, lakini kingamwili hujengeka baada ya mwili kukutana na kitu kigeni, ilhali vizuizi hivi vinatengenezwa na ini na vipo katika damu hata kabla nyoka hajawahi kuguswa na sumu. Mwili haungojei kuumwa ndipo ujifunze. Hata hivyo kiasi chake si cha kudumu daima: kwa kipiri wa Asia aitwaye Gloydius brevicaudus, imeonekana kwamba ini huongeza utengenezaji wa vizuizi vya fosfolipasi A2 baada ya nyoka kudungwa kimeng'enya hicho kilichotolewa katika sumu yake mwenyewe. Haja ya ulinzi huo si ngumu kuiona. Nyoka anayeng'ata windo linalopigapiga anaweza kujichoma kwa meno yake, anaweza kung'atwa na mwenzake, na tezi iliyojaa vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama iko milimita chache tu kutoka kwenye mishipa yake ya damu.

Sumu ya kipiri ni mchanganyiko wa protini nyingi, na vizuizi vinafuata mgawanyo huo. Vilivyochunguzwa zaidi ni vya fosfolipasi A2, kimeng'enya kinachokata mafuta ya utando wa seli na kuharibu misuli, na wakati mwingine kuzima neva. Katika G. brevicaudus kuna aina tatu za vizuizi vya kimeng'enya hicho, alfa, beta na gama, na ajabu ni kwamba hazina undugu wa maumbile kati yao. Ya alfa, yenye uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 75 hivi, ni muungano wa vipande vitatu vyenye sehemu inayofanana na protini za kushika sukari. Ya beta ina marudio mengi ya asidi amino iitwayo lusini na inafanana na protini iliyomo katika damu ya binadamu. Ya gama inafuata umbo la vidole vitatu, umbo lile lile lililotumiwa kutengeneza sumu za neva za swila, ingawa hapa linafanya kazi ya kuzima. Mabadiliko ya vizazi, kwa hiyo, yamefika kwenye kazi moja kupitia njia tatu tofauti. Nyoka wa Amerika Kusini mwenye njuga mkiani, Crotalus durissus terrificus, ana kizuizi cha jamii ya gama kilichoelezwa na watafiti mwaka 1994. Sumu yake kuu, krotoksini, ina sehemu mbili, moja ikiwa kimeng'enya na nyingine ikiwa msindikizaji. Kizuizi humwondoa msindikizaji na kukishika kimeng'enya badala yake.

Kundi la pili huzuia metaloproteinasi, vimeng'enya vyenye zinki vinavyotoboa kuta za mishipa midogo na kusababisha kuvuja damu. Vizuizi vyake ni vya familia ya fetuini, kundi la protini za damu. Cha nyoka habu wa Japani, Protobothrops flavoviridis, kilisomwa mfuatano wake wote wa asidi amino 323 na matokeo yakachapishwa mwaka 1992. Cha Bothrops jararaca wa Brazil, kiitwacho BJ46a, kilifuata mwaka 2001. Habu ana pia protini ndogondogo za seramu, mbili kati yake zikijulikana kwa kuishika sumu iitwayo triflini. Na kwa kuwa maumbile hayana ubaguzi, oposumu, mnyama wa Amerika mwenye mfuko wa kulelea watoto na ambaye hula nyoka, naye ana vizuizi katika damu, DM43 na DM64, lakini vyake ni vya familia ya imunoglobulini, ambamo kingamwili nazo zimo, si ya fetuini.

Kwa nini basi kingamwili zihitajike, na leo jenomu nzima ya nyoka, yaani jeni zake zote, inaweza kusomwa? Kwa sababu jenomu huonyesha jeni zilizopo, haionyeshi ni protini ipi imo katika damu, kwa kiasi gani, imetoka kwenye seli zipi, na imeshikana na nini. Mfano ulio wazi ni wa Crotalus atrox, nyoka wa Amerika Kaskazini mwenye njuga, ambaye jenomu yake ina jeni 30 za metaloproteinasi zilizojipanga mstari mmoja. Mwaka 2022 kundi la Sean Carroll wa Chuo Kikuu cha Maryland lilionyesha kwamba kizuizi kikuu cha vimeng'enya hivyo ni protini iliyopewa jina la FETUA-3, na kwamba huyu si yule ndugu wa familia ya fetuini anayefanya kazi hiyo kwa nyoka wengine kama habu. Kazi ilihama kutoka kwa ndugu mmoja kwenda kwa mwingine. Aliyesoma jeni peke yake na kukisia kwa kufuata kufanana angemtaja asiyehusika. Ilibidi plazima yenyewe iulizwe.

Kingamwili huanza na antijeni, yaani kile atakachoonyeshwa mnyama ili mwili wake ujenge kinga dhidi yake, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Zipo njia tatu. Ya kwanza ni kukisafisha kizuizi kutoka kwenye plazima ya nyoka. Faida yake ni kwamba protini inabaki na umbo lake la asili pamoja na minyororo yake ya sukari. Hasara ni kwamba albumini, ambayo imejaa tele katika plazima, hupenda kufuatana na kila kitu, na uchafu wa asilimia ndogo tu unatosha kuzalisha kingamwili nyingi za kushika albumini. Tena nyoka hatoi damu nyingi. Njia ya pili ni kuiingiza jeni katika bakteria au seli nyingine ili zitengeneze protini hiyo. Bakteria ni rahisi na hutoa protini kwa wingi, lakini hawaweki sukari kama seli za nyoka zinavyofanya, na protini zenye viungo vingi vya salfa kama fetuini mara nyingi hujikunja vibaya ndani yao na kuganda kama mashapo. Seli za mamalia au za wadudu huikaribia zaidi hali halisi, kwa gharama kubwa zaidi. Njia ya tatu ni kuunda kipande kifupi cha protini, cha asidi amino 15 au 20, na kukibandika kwenye protini kubwa ya kigeni ili mwili wa mnyama ukitambue. Njia hii ndiyo inayotoa nafasi ya kuchagua: mtafiti hupanga mifuatano ya ndugu wote wa familia sambamba, akatafuta mahali ambapo yule anayemtaka anatofautiana na wenzake, na akaunda kipande cha mahali hapo tu.

Kuchagua mnyama wa kuchanjwa nako kuna hesabu yake. Kinga ya mwili imefundishwa kutoshambulia vitu vinavyofanana na vya kwake. Sungura ana fetuini zake, na sehemu za fetuini ya nyoka zinazofanana na za sungura hazitaamsha kinga yoyote. Kingamwili zitakazopatikana zitaelekea kwenye sehemu zilizobadilika. Sungura na nyoka walitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kwa hiyo tofauti zipo za kutosha. Kuku, ambaye kingamwili zake huvunwa kwa urahisi kutoka kwenye kiini cha yai, yuko karibu zaidi na nyoka kwa ukoo, na kwa protini nyingine ukaribu huo unaweza kupunguza mwitikio. Kwa kizuizi chochote mtu angefanya vizuri kulinganisha kwanza mfuatano wake na protini za mnyama anayekusudia kumchanja kabla ya kununua sindano.

Mnyama aliyechanjwa hutoa mchanganyiko wa kingamwili nyingi, kila moja ikishika sehemu yake ya antijeni. Mchanganyiko huo unafaa kwa kazi za kutafuta kama protini ipo, kwa maana hata sehemu moja ikifichika nyingine zitashikwa. Ubaya wake ni kwamba unakwisha mnyama akifa, na mnyama wa pili hatoi mchanganyiko ule ule. Ndiyo maana kwa vipimo vya kiasi na kwa kazi za miaka mingi hutafutwa kingamwili za aina moja. Njia ya kuzipata ilibuniwa na Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975: seli ya panya inayotengeneza kingamwili huunganishwa na seli ya saratani isiyokufa, na kila mseto hutoa kingamwili moja tu bila kikomo. Njia nyingine haimchanji mnyama kabisa. Vipande vya kingamwili huoneshwa juu ya virusi vinavyoshambulia bakteria, mamilioni kwa mamilioni, na vile vinavyong'ang'ania antijeni huchotwa na kuzalishwa tena. Kisha zipo nanobodi, zinazotokana na kingamwili za pekee za jamii ya ngamia zilizoelezwa na watafiti wa Ubelgiji mwaka 1993. Nanobodi ina uzito wa kilodaltoni 15 hivi, moja ya kumi ya kingamwili ya kawaida, na hupenya kwenye mifereji midogo ya protini ambayo kingamwili nzima haiwezi kuifikia.

Kupata kingamwili inayoshika ni nusu ya safari. Nusu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotofautisha utafiti wa kuaminika na usioaminika, ni kuthibitisha kwamba inashika kile kinachodaiwa na si kingine. Kingamwili ni kama shahidi anayetambua sura: anaweza kuapa kwamba alimwona mtu fulani, lakini hawezi kusema mtu huyo alifanya nini, na ndugu wawili wanaofanana wanaweza kumpotosha.

Tazama kipimo cha kawaida. Tone la plazima huchemshwa pamoja na sabuni kali ili protini zifunguke, zikasukumwa kwa umeme ndani ya jeli hadi zijipange kwa ukubwa, kisha zikahamishiwa kwenye utando mweupe. Utando huogeshwa kwa kingamwili, halafu kwa kingamwili ya pili yenye kimeng'enya cha kutoa mwanga. Ikiwa tunatafuta kizuizi cha alfa cha G. brevicaudus, mstari hautaonekana kwenye kilodaltoni 75 bali karibu na 20, kwa sababu muungano wa vipande vitatu umevunjika. Mstari mmoja safi mahali hapo unafurahisha, lakini hautoshi. Mistari miwili inaweza kuwa protini moja yenye sukari za viwango tofauti. Sukari zikikatwa kwa kimeng'enya, mistari ikaungana kuwa mmoja, shaka hiyo imeondoka, na isipoungana pengine tumeshika ndugu wawili. Mstari mnene karibu na kilodaltoni 66 ni karibu hakika albumini. Kingamwili iliyotokana na kipande kifupi inaweza kufanya kazi vizuri kwenye utando huu, ambako protini imefunguka, na ikashindwa kabisa kukishika kizuizi kikiwa kimejikunja katika damu, kwa kuwa kipande kile kimefichwa ndani. Kinyume chake pia hutokea.

Uthibitisho kamili hudai zaidi ya mstari. Kingamwili ikichanganywa mapema na antijeni safi, mstari unapaswa kutoweka. Ndugu wote wa familia wanaojulikana watengenezwe kimoja kimoja na kupimwa. Kilichoshikwa kivuliwe kutoka kwenye plazima na kusomwa kwa mashine ya kupima uzito wa molekuli, ili kijulikane kwa mfuatano wake wenyewe. Kwa panya wa maabara mtu angeweza kuifuta jeni na kuona mstari ukipotea; kwa nyoka njia hiyo ni ngumu mno kutegemewa, hivyo wanaofanya kazi hii hawana budi kurundika ushahidi wa aina nyingine.

Hata hayo yote yakikamilika, utambulisho si utendaji. Nyoka wa Japani asiye hatari kwa binadamu, Elaphe quadrivirgata, ana katika damu protini inayofanana na kizuizi cha alfa, lakini haizuii fosfolipasi. Kingamwili iliyochongwa kwa sehemu zinazofanana ingeweza kuitambua na kumfanya mtafiti aandike kwamba nyoka huyo ana kizuizi cha alfa kinachofanya kazi. Upande wa pili, chatu, ambaye hana sumu kabisa, ana katika seramu kizuizi cha fosfolipasi kinachofanya kazi kweli, jambo linalodokeza kwamba familia hizi zilikuwa na shughuli nyingine mwilini, huenda kudhibiti vimeng'enya vya mwili wenyewe, kabla sumu haijazitafutia kazi mpya.

Kingamwili ikishathibitishwa, milango inafunguka. Ikimwagwa juu ya vipande vyembamba vya ini huonyesha seli zinazotengeneza kizuizi. Katika kipimo cha ELISA, jozi ya kingamwili zinazoshika sehemu mbili tofauti hupima kiasi chake kwa mtoto wa nyoka na kwa aliyekomaa, kabla na baada ya kung'atwa. Jaribio ninaloliona kuwa na nguvu kuliko yote ni la kuondoa: kingamwili hugandishwa juu ya chembechembe ndogo, plazima ikapitishwa humo, na kizuizi kimoja pekee kikabaki nyuma. Plazima iliyotoka ikishindwa kuizuia sumu, kizuizi hicho ndicho kilichobeba mzigo. Ikiendelea kuzuia karibu kama mwanzo, kuna mwingine ambaye bado hajatajwa. Kusafisha kizuizi na kukipima peke yake hakuwezi kamwe kujibu swali hilo, kwa maana kinachoweza kufanya kazi katika chupa si lazima kiwe ndicho kinachomlinda nyoka.

Kuvua miungano ya kizuizi na sumu nako kuna sharti lake. Sumu ikichanganywa na plazima kisha kizuizi kikavuliwa kwa kingamwili, kile alichokishika kinakuja naye, na orodha ya sumu zilizonaswa inapatikana. Hili hufanikiwa tu ikiwa kingamwili haikai kwenye uso ule ule ambao kizuizi hushikia sumu. Ikikaa hapo, muungano unavunjika na orodha inatoka tupu. Kingamwili ya namna hiyo haitupwi. Inafichua mahali ambapo mshiko wenyewe hutokea, na taarifa hiyo ndiyo anayoihitaji mtu anayetaka kubuni molekuli ndogo inayoiga kizuizi.

Haja ya kuiga ipo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wengine wengi zaidi hubaki na ulemavu wa kudumu. Seramu ya tiba huokoa maisha, lakini mara nyingi huchelewa au hushindwa kuzuia kuoza kwa nyama mahali palipong'atwa, uharibifu ambao kwa vipiri hutokana hasa na metaloproteinasi na fosfolipasi. Hizo ndizo sumu ambazo vizuizi vya damu vimezizoea. Mipaka nayo ionekane tangu mwanzo: kizuizi kilichokua sambamba na sumu ya spishi moja kinaweza kuizima hiyo vizuri na kuiacha ya spishi jirani, na protini ya nyoka ikidungwa mtu itatambuliwa kuwa ya kigeni, jambo ambalo mwili wa sungura aliyechanjwa umeshalionyesha. Na kwa sumu za neva za vidole vitatu za swila na jamaa zake, ambako ulinzi wa nyoka mwenyewe kwa sehemu kubwa uko kwenye kipokezi cha msuli, kingamwili za seramu ya tiba bado ndizo zinazotegemewa.